Mfuko Uitwao Pengine

Rodioni, mjukuu wangu, umeuliza swali la mtihani:
"Bibi, ilikuwa bora lini, enzi zile au sasa?"
na kalamu umeishika tayari kama karani wa mizani.
Ngoja kwanza nivue viatu.
Theluji imeingia hadi kwenye soksi.

Tazama msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni,
ule mfuko wa wavu, nyuzi za kijivu.
Tuliuita Pengine.
Ulikunjwa ukaenea kiganjani,
ukakaa mfukoni mwa koti kila siku ya Mungu
(Mungu naye hakuwa na kibali),
maana pengine njiani ungekutana na foleni.
Hukuuliza, "Wanauza nini?"
Uliuliza, "Wanatoa nini?"
na aliye mbele yako mara nyingi hakujua.
Ulisimama tu. Miguu iliamua yenyewe.

Desemba moja, saa nne nzima, baridi ya kugandisha kope,
Pengine ulirudi na ndizi.
Mbichi, ngumu kama mpini wa shoka.
Nikazivika magazeti, nikazilaza juu ya kabati
ziive taratibu pamoja na hotuba zilizochapwa humo.
Mama yako Nelli, miaka sita,
kila usiku alipanda kiti akazinusa.
Watu husema ya kale hayanuki.
Haya yangu yananuka:
wino, vumbi la kabati,
na ndizi moja iliyoanza umanjano kwenye ncha.

Usiandike bado.

Babu yako Arkadi alipokuwa na neno
alifungua kwanza bomba la maji,
likamwagika ovyo kwenye sinki, ndipo akaninong'oneza.
Kuta zilikuwa na masikio.
Jirani yetu Ferapont, mhandisi, alisahau bomba siku moja.
Mzaha mmoja tu, tena kuhusu soseji.
Jumatatu tukamkuta anafagia ua wa kiwanda,
tukapita kana kwamba ufagio unajiendesha.
Mimi pia nilipita.
Hilo liandike, kwa wino usiofutika.

Kiwanda chenyewe sasa ni maduka.
Pale ilipokuwa mashine yangu ya kufuma
wanauza manukato, na msichana mmoja
hunipulizia kidogo mkononi, bure, kwa huruma.
Ananisemesha upande wa kushoto; simsikii.
Sikio hilo lilibaki humo humo, miaka ishirini na tisa ya kelele,
na hakuna aliyelirudisha pamoja na kitabu changu cha kazi.

Rafu zimejaa, sikatai.
Ndizi zipo Januari, zipo Julai,
rahisi kuliko tufaha la bustani zetu.
Foleni hazikufa, zimehamia ndani ya pochi:
mbele imesimama dawa ya moyo,
nyuma yake bili ya kupasha nyumba joto,
na nyama iko mkiani, ikichungulia,
ikiuliza, "Wanatoa nini?"

Nelli aliyekuwa hawezi kuvuka mpaka
amevuka, yuko Yerevani.
Uso wake hunijia Jumapili, mdogo kuliko kiganja,
hugandagandika, kisha hupotea akiwa bado anacheka.
Enzi zile tulikosa barua. Sasa nakosa nini, sijui jina lake.

Na wewe, Rodioni, msomi wangu,
jana nilikuona na wenzako jikoni
mkizitia simu zenu kwenye friji, kando ya kabichi,
kabla hamjaanza kuzungumza.
Nikacheka hadi nikashika meza.
Halafu mkono wangu, bila kuniuliza,
ukaenda ukafungua bomba.

Basi, bora lini?
Weka kalamu chini, unipe viatu,
nimesahau chumvi.
Na huo wavu pia.
Najua, dukani wana mifuko yao ya plastiki, najua.
Lakini pengine.